Lupita Nyong'o: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, toleo la watu wa Kisumu

Ukifanya drama huku Kisumu, iwe ni kufunza wanafunzi ama kuzunguka na grupu ya setbuku (zile za kuigizia wanafunzi vitabu vya mtihani), hutamaliza wiki bila mtu kukuuliza kitu kuhusu Lupita, mwigizaji wetu wa Oscar. Kwa matatu, kwa mazoezi, hata kwa matanga. Maswali ni yale yale tu, so nimeyaweka mahali pamoja. Yale ya maana nimeyajibu kwa urefu, yale ya udaku nimeyapitia haraka. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakutuma huko, sitarudia.

## Mambo ya nyumbani

Lupita ni wa Kisumu ama ni wa Meksiko?

Ni wa kote kuwili, na yeye mwenyewe hajawahi kukana hata kumoja. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Wakati huo babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa anafundisha chuo huko, kipindi ambacho msomi mwenye mdomo hakuwa na amani hapa Kenya chini ya utawala wa Moi. Familia ilirudi Kenya kabla mtoto hajafikisha mwaka. Uraia anao wa Kenya na wa Meksiko.

Lakini kwa hesabu yetu sisi, mtu huulizwa dala, yaani kwao, ni wapi, haulizwi hospitali gani. Na dala ni Seme, hapa hapa Kaunti ya Kisumu. Huyo ni nyar Seme, binti wa Seme, hata angezaliwa kwa ndege.

Kwa hivyo alilelewa Seme?

La. Alilelewa Nairobi. Shule ni Rusinga na baadaye St Mary's, ambako alimaliza mwaka wa 2001. Seme ilikuwa ni nyumbani kwa maana ya likizo na mababu, venye ilivyo kwa Wajaluo wengi sana waliokulia Nairobi. Kuna watu huku hukasirika ukisema hivyo, wanataka awe aliteka maji ziwani na kuuza omena soko la Kibuye ndo stori iwe tamu. Haikuwa hivyo na hakuna haja ya kuongezea chumvi.

Jina Lupita lilitoka wapi?

Meksiko. Ni kifupi cha Guadalupe, jina la kawaida sana huko. Wazazi walimpa kufuatana na mahali alipozaliwa, na Mjaluo hawezi kushangaa hilo, sisi tuna watu wanaitwa majina ya kila tukio na kila mgeni aliyepita.

Babake ndiye yule gavana?

Ndiye. Gavana wa Kisumu tangu 2017, akachaguliwa tena 2022. Kabla ya hapo alikuwa seneta, na kabla ya useneta alikuwa mbunge na waziri. Kama unachotaka kuuliza ni kama huo ugavana ndio ulimpa bintiye Oscar, ruka uende kwa swali la "jina la baba" huko chini. Ila kumbuka tu Oscar ilikuja 2014, ugavana 2017.

Anajua Kijaluo? Na Kiswahili?

Vyote viwili, pamoja na Kiingereza na Kihispania. Kihispania hakukinyonya kwa titi la mama, juu alitoka Meksiko akiwa mchanga kabisa. Wazazi walimrudisha huko akiwa na miaka 16 akakae miezi kadhaa mji wa Taxco ajifunze lugha ya nchi aliyozaliwa. Kiswahili chake kiliwahi hadi kupanda jukwaani New York, soma swali la Kiswahili kwa Shakespeare huko chini.

## Kabla ya Oscar

Alianza kuigiza lini?

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanafikiri alitoka tu mahali 2013 kama uyoga. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa Juliet wa Shakespeare kwa kikundi cha Phoenix Players, Nairobi. Wale waliokuwa wanafuata tieta miaka hiyo wanakumbuka Phoenix, kale kaukumbi ka Professional Centre, Parliament Road, mahali padogo ambapo mwigizaji akikohoa mtu wa laini ya mwisho anasikia. Hapo hapana kudanganya. Ukisahau mistari yako kila mtu anaona jasho.

Ule moto wenyewe aliupata kwa kuona Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey kwa The Color Purple. Amesema mara nyingi kwamba hapo ndo alijua watu wanaofanana na yeye wanaweza kufanya hii kazi ikawa kazi.

Kumbe alisomea uigizaji moja kwa moja?

Hapana, na hii ni sehemu naipenda ya maisha yake. Alienda Marekani, Hampshire College kule Massachusetts, akasoma mambo ya filamu na tieta, lakini aliogopa kutamka wazi kwamba anataka kuwa mwigizaji. Akajificha nyuma ya kamera. Wangapi wetu tuko hivyo, unasema unafanya "mass com" kumbe roho iko stejini.

Ni kweli alikuwa anatumwa tumwa kwa seti?

Ni kweli. The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya, hiyo muvi ya 2005, Lupita alikuwa kwa kruu, wale wa kukimbia huku na huku, leta hiki, ita yule. Mwigizaji mkuu alikuwa Ralph Fiennes. Lupita akamwambia anataka kuigiza, na mzungu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwambia aingie kwa hiyo kazi ikiwa tu hawezi kuishi bila hiyo. Alifanya pia kwa kruu ya The Namesake ya Mira Nair. Weka hilo jina la Mira Nair akilini, linarudi kwa swali la muvi za kuanza nazo.

Vijana wa grupu hukataa kubeba viti na kupiga pasi maleba kwa sababu "mimi ni akta". Sawa baba.

Ni yeye alikuwa kwa Shuga?

Ndiyo, ile series ya kwanza kabisa ya MTV ya 2009, iliyopigwa Nairobi, mambo ya vijana na HIV. Aliigiza Ayira. Ukiiangalia sa hii utaona watu wengi waliokuja kuwa majina makubwa ya TV ya Kenya.

In My Genes ni nini? Mbona siioni kwa orodha ya muvi zake?

Kwa sababu hakuigiza. Ni dokumentari ya 2009 aliyoiandika, akaielekeza na kuitoa yeye mwenyewe, inafuata maisha ya Wakenya wanane wenye ualbino. Aliifanya akiwa bado hana jina popote. Kwangu mimi ni kazi muhimu kuliko nusu ya zile muvi za bei kubwa alizofanya baadaye, juu inaonyesha alichokuwa anafikiria kuhusu ngozi miaka mingi kabla ya kuandika Sulwe, kitabu chake cha watoto.

Chuo cha Yale alienda kufanya nini, si alikuwa ashasoma?

Alienda kusomea uigizaji sasa bila kujificha. Yale School of Drama, miaka mitatu, akamaliza 2012 na digrii ya uzamili. Huko mtu anafanyishwa kazi, sauti, mwili, Shakespeare, Chekhov, asubuhi mpaka usiku. Alicheza Perdita kwa The Winter's Tale na Sonya kwa Uncle Vanya, na mwaka wa mwisho akapewa tuzo ya Herschel Williams ambayo hupewa wanafunzi wa uigizaji wenye kipaji cha pekee.

Hebu piga hesabu. Juliet akiwa 14, Yale anamaliza akiwa 29. Miaka kumi na tano hapo katikati ambayo hakuna mtu Kondele alikuwa anamjua. Hiyo ndiyo huwa haiwekwi kwa status.

Ile muvi ya utumwa aliipata vipi?

12 Years a Slave ya Steve McQueen. Aliingia audisheni akiwa hata hajamaliza Yale, na wanawake zaidi ya 1,000 walikuwa wameangaliwa kwa nafasi ya mtumwa Patsey. Akaipata. Akatoka shule moja kwa moja mpaka Louisiana kwa seti, na hiyo ndiyo ilikuwa muvi yake kubwa ya kwanza kama mwigizaji.

Ukiitazama, angalia ile sehemu ya sabuni. Hapigi kelele nyingi. Anaeleza tu kwa nini alitoka kwenda kutafuta kipande cha sabuni, na unamwona mtu aliyechoka kuogopa. Waigizaji wetu wengi wakipewa sehemu ya uchungu wanaanza kwa sauti ya juu kabisa, halafu dakika mbili baadaye hawana mahali pa kupanda.

## Oscar yenyewe

Alishinda lini na kwa nini hasa?

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kufikisha miaka 31. Mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa huyo Patsey. Alikuwa na gauni la samawati la Prada, na hotuba ile ya kwamba popote ulipotoka ndoto zako ni halali, ambayo kutoka hapo imeandikwa nyuma ya kila matatu na kila tisheti ya harambee.

Ni Mwafrika wa kwanza kushinda?

Si hivyo kabisa, na tafadhali acheni kubishana. Charlize Theron wa Afrika Kusini alishinda ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2004, miaka kumi kabla. Lupita ni Mkenya wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Na kwa kile kitengo cha mwigizaji msaidizi, ni mwanamke mweusi wa sita, orodha inaanzia kwa Hattie McDaniel, halafu Whoopi Goldberg, Jennifer Hudson, Mo'Nique, Octavia Spencer, ndo yeye.

Ana Oscar ngapi sasa? Mbona hajaongeza?

Moja. Na si eti amelala. Mwaka 2019 alifanya Us ya Jordan Peele, anaigiza watu wawili, mama wa familia na yule kivuli chake anayetoka chini ya ardhi kuja kumdai maisha yake. Wakosoaji wa filamu wa New York wakampa mwigizaji bora wa mwaka, Oscar hata hawakumtaja. Muvi za kutisha hazipendwi sana na wapigaji kura wa Oscar, hiyo inajulikana.

Ile sauti ya Red, yule kivuli, kwa hiyo muvi ilimletea maneno. Alisema aliipata kutokana na hali fulani ya koo inayofanya sauti ikwame kwame, watu wenye hiyo hali wakalalamika kwamba ugonjwa wao umefanywa wa kutisha watu, naye akaomba msamaha.

Jambo lingine, alimwambia mwanahabari Larry Madowo kwa intavyu kwamba baada ya Oscar zilikuja kazi nyingi za kumtaka aigize mtumwa tena. Tena na tena. Yaani unashinda tuzo kubwa kuliko zote halafu wanakurudisha kwa ile ile minyororo. Alikataa, na kukataa kunagharimu.

## Jukwaani

Mbona mtu mwenye Oscar arudi kufanya tieta?

Hili swali huulizwa kwa sauti fulani kana kwamba tieta ni ya watu waliofeli TV. Hapa nitakaa kidogo.

Akiwa Yale mwaka wa 2009 kulikuwa na mchezo unaitwa Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira, ambaye alikulia Zimbabwe. Unahusu wanawake waliotekwa wakawa wake za kamanda mmoja wakati wa vita vya Liberia. Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba. Unajua maana ya kuwa akiba? Unashika mistari yote, unajua kila hatua, halafu unakaa nyuma ya pazia ukiombea mwenzako asiumwe ilhali roho ndogo inaomba aumwe kidogo tu.

Alipopata Oscar na milango yote ikafunguka, akaenda kutafuta mchezo huo huo. 2015 waliufanya Public Theater, ukumbi wa New York ulio nje ya Broadway, ile safu ya majumba makubwa ya tieta, yeye akiwa yule Msichana, kisha Machi 2016 ukapanda Broadway pale John Golden Theatre. Mwandishi mwanamke mweusi, dairekta mwanamke mweusi, Liesl Tommy mzaliwa wa Afrika Kusini, na waigizaji wote watano wanawake weusi. Broadway haikuwa imeona hivyo kabla.

Tieta ni show nane kwa wiki. Hakuna kukata, hakuna kurudia, hakuna muziki wa kukuokoa. Mtu anayeweza hiyo, kamera haiwezi kumshtua. Ndo maana kwangu mimi Lupita ni mtu wa jukwaa aliyeazimwa na skrini, si vinginevyo. Na huyo Danai Gurira ndiye Okoye wa Black Panther, kwa wale hawakuwa wanajua.

Alishinda Tony, ile tuzo ya tieta ya Broadway?

Aliteuliwa 2016, mwigizaji bora wa kike. Hakushinda. Mchezo wenyewe uliteuliwa mara sita ukachukua moja, ya maleba.

Eti alizungumza Kiswahili kwa Shakespeare?

Alizungumza. Agosti 2025, Twelfth Night, pale Delacorte, ukumbi wa wazi ndani ya Central Park, uliokuwa umefungwa kwa ukarabati na huo mchezo ndio uliufungua tena. Lupita ni Viola. Pacha wake Sebastian aliigizwa na kaka yake wa toka nitoke, Junior Nyong'o. Dairekta ni Saheem Ali, kijana wa Nairobi ambaye wanajuana tangu tieta ya utotoni. So kwa ile stori ya mapacha waliopotezana baharini wakatupwa nchi ngeni, wageni wakawa wanaongea Kiswahili kati yao. Wazo zuri sana, juu ukiwa ugenini lugha ya nyumbani ndiyo inakutoka ukishtuka. Na tiketi za hapo ni bure, ni kupiga foleni tu.

Tumeambiwa miaka yote kwamba Kiswahili na Shakespeare vinakutana kwa tafsiri za shule pekee. Haya.

## Skrini

Nikitaka kuanza kumwangalia nianze na gani?

Si 12 Years a Slave. Ni nzito, itakuvunja moyo ukiwa na watoto sebuleni. Anza na Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair (nilikuambia atarudi). Ni stori ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyekuja kuwa bingwa wa chesi, na Lupita ni mamake, Harriet, mjane anayeuza mahindi na kukataa kuinamishwa. Mtu wa Busia ama Kisumu ataitambua kila kitu pale, mafuriko, mwenye nyumba, boda, deni la duka. Haikupata pesa nyingi kwa kumbi lakini waulize kina mama waliyoiona.

Halafu nenda Us, halafu Black Panther kama bado hujaiona, ambayo itakuwa ajabu. Non-Stop ya 2014 unaweza kuacha, yuko ndani ya ndege na hapewi kitu cha kufanya.

Kwa Star Wars yuko wapi? Nimetazama yote sijamwona.

Umemwona, ni ule mzee mdogo wa miwani, Maz Kanata, mwenye zaidi ya miaka elfu moja. Walimwekea alama usoni kompyuta ikachukua miondoko yake. Hiyo ni 2015 na zilizofuata. Sauti tu amefanya pia mbwa mwitu mama kwa The Jungle Book ya 2016 na roboti Roz kwa The Wild Robot ya 2024. Hiyo ya roboti wekea watoto, halafu ujifanye unalia juu ya kitunguu.

Black Panther ilizinduliwa Kisumu kweli?

Februari 2018 ilikuwa na uzinduzi wake hapa Kisumu, gavana akiwepo, watu wamevaa vitenge na manyoya kama Wakanda iko Nyalenda. Lupita hakuwepo mwenyewe ila aliandika mtandaoni akifurahia mji wa nyumbani. Muvi ilipita dola bilioni 1.3 duniani. Na ile lugha wanaongea ni Kixhosa cha Afrika Kusini, si Kijaluo, hata kama jirani yako ameapa alisikia "ber", yaani "nzuri".

Ni ukweli alikuwa anaogopa paka?

Sana. Kwa A Quiet Place: Day One ya 2024 anaigiza mgonjwa wa saratani anayezunguka New York na paka wake huku majitu yanawinda kila sauti. Ilibidi apate msaada wa kushinda hiyo hofu ndo aweze kumbeba. Mwishowe akachukua paka wake wa kufuga.

Americanah iliishia wapi?

Haikufanyika. Alikuwa na haki za kuigeuza kitabu cha Chimamanda Ngozi Adichie, ikawa series, ratiba ya Lupita ikakataa baada ya mambo ya korona kuvuruga kila kitu, na 2020 ikaachwa.

## Yale maswali ya pembeni

Si ukweli tu jina la baba ndilo lilimfikisha?

Swali halali, na wanaojibu "hapana kabisa" wanadanganya sawa na wanaojibu "ndiyo, basi".

Angalia vitu vilivyo. Shule za Nairobi za karo ndefu, chuo Marekani, kisha Yale, babake akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu miaka ile ile. Mtoto wa mvuvi wa Dunga mwenye kipaji sawa na chake hangefika kwa hiyo audisheni, si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa nauli. Hilo lisemwe wazi wazi, hakuna anayetukanwa.

Sasa upande wa pili. Ndani ya kile chumba cha audisheni, waziri wa Kenya ni nani? Hakuna mtu Louisiana anajua Seme iko wapi. Mbele ya wanawake elfu moja hakuna simu ya kupigwa kwa mkubwa. Na kuna watoto wangapi wa mawaziri waliosomea nje wakarudi na lafudhi pekee? Jina lilimfungulia njia ya kwenda shule, kazi akaifanya yeye. Wewe chukua hilo la pili, ndilo unaweza kuiga bila pesa.

Mbona lafudhi yake inabadilika badilika?

Ameeleza mwenyewe kwa podkasti yake ya Mind Your Own ya 2024. Alipokuwa shule ya uigizaji alijifunza Kiingereza cha Kimarekani ili apate kazi, akakizoea mpaka cha kwake kikawa kinapotea, halafu akaamua kurudi kuongea kama Mkenya mbele ya watu. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Ameolewa?

Hajawahi kutangaza ndoa. Endelea na swali lingine.

Yale mambo ya Harvey Weinstein?

Oktoba 2017 aliandika kwa New York Times jinsi huyo prodyusa alivyomsumbua tangu akiwa mwanafunzi Yale. Alikuwa miongoni mwa waliojitokeza mapema. Msichana yeyote anayeitwa "audisheni" kwa chumba cha hoteli usiku akaisome kwanza. Na hata kama hataisoma, asiende.

Nilisikia alikuwa mgonjwa.

Alikuwa na uvimbe wa kizazi, ule wanaita faibroidi. Alisema wazi Julai 2025 kwamba aliambiwa Machi 2014, mwezi ule ule wa Oscar, na kwamba alitolewa 30 kwa upasuaji. Sasa anachangisha pesa za utafiti. Kina mama wengi huku wanabeba hii kitu kimya kimya wakidhani ni maumivu ya kawaida tu ya mwezi, so sioni kama ni udaku kuliweka hapa.

Sulwe inapatikana kwa Kiswahili?

Inapatikana, kwa Kiswahili na kwa Dholuo pia. Ni kitabu cha watoto cha 2019 kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Uliza maduka makubwa ya vitabu mjini, wakikosa wakuagizie.

## Kwa vijana wa huku

Niko Form 3, Kisumu, sina mtu Nairobi. Nianzie wapi?

Anzia kwa tamasha za drama za shule. Sitanii. Zinapanda kutoka kaunti ndogo, kaunti, mkoa, mpaka taifa, na hakuna mahali pengine Kenya kijana wa miaka 16 atasimama mbele ya watu elfu bure. Ingia popote, mchezo, masimulizi, shairi la kukariri, densi. Usikatae kuwa mti.

Ukimaliza shule, tafuta grupu ya setbuku. Ni kazi ya jasho, mnalala kwa bweni, mnaigiza Homa Bay asubuhi na Siaya mchana, pesa ni kidogo na wakati mwingine inachelewa. Lakini unaigiza mchezo mmoja mara nyingi sana mbele ya wanafunzi ambao hawana huruma, wakiboeka wanakuambia hapo hapo. Ni ile ile shule ya Lupita ya ukumbi mdogo, bei ya Nyanza. Kama una alama za chuo, Maseno wana kozi ya tieta na filamu. Wa Nakuru nyinyi mna Players, ukumbi wenu wenyewe, mbona mnalia?

Na sauti. Soma kwa sauti kila siku, kitu chochote, gazeti, Biblia, karatasi ya kufungia mandazi.

Nimepata meseji ya Lupita kwa Facebook, anatoa skolashipu, nitume pesa ya usajili.

Usitume. Ni matapeli. Mtu wa Oscar hakuombi elfu mbili kwa M-Pesa ya jina la mtu mwingine. Vivyo hivyo kwa "ajenti" yeyote anayekulipisha ndo uingie audisheni. Ajenti wa kweli hula kwa kazi ukishaipata.

Naweza kuona wapi Eclipsed? Nimetafuta kote, hata Netflix.

Hakuna muvi ya Eclipsed. Ilikuwa ya jukwaani, ikaisha pazia lilipofungwa, waliokuwepo ndio waliona. Vipande vipo mtandaoni vya dakika chache tu. Lakini skripti imechapishwa, unaweza kuinunua na kuisoma, na kama una wanawake watano wenye nguvu unaweza hata kuipandisha hapa Kisumu, kwa ukumbi wa Mama Grace Onyango ama popote. Itabidi tu uandikie wenye haki za mchezo uombe leseni na ulipie kabla hujabandika posta ya kwanza.